Wizi mtaani kwetu: tutangaze au tunyamaze?

*"Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, pembezoni mwa Dar es Salaam. Uongozi wetu uliingia baada ya uchaguzi wa Novemba 2024. Tangu mwezi wa tano tumeandikisha matukio kumi na moja: saba ni simu na mikoba kuporwa na watu wa pikipiki, manne ni nyumba kuvunjwa. Tuna grupu la WhatsApp lenye watu mia nne na kitu, na huko ndiko balaa lilikoanzia. Wiki tatu zilizopita mtu aliweka picha ya kijana akaandika 'huyu ndiye anayetumaliza'. Kijana akakutwa sokoni, nusura auawe. Kumbe ni fundi aluminiamu, aliitwa kupima madirisha. Sasa kamati imegawanyika. Mwenyekiti anataka tukodi gari la matangazo na kutundika mabango ya kuwaonya wezi. Wenye nyumba wanasema tunyamaze, wapangaji watahama. Vijana wanataka kila kitu kiwe wazi, pamoja na picha za kamera. Mchango wa ulinzi shirikishi, shilingi elfu mbili kwa kaya kwa mwezi, umeshuka; nimeandika mara kadhaa kwamba 'wengi hamchangii' na ndiyo kwanza unazidi kushuka. Mwezi uliopita tulipata tukio moja tu. Naomba unielekeze: tuwaambie watu nini, kwa njia gani, na je, naruhusiwa kusema wizi umepungua?"*

Ndugu katibu, poleni kwa mkasa wa yule fundi, na ahsante kwa kuuliza kabla gari la matangazo halijakodiwa. Kamati yako inavutana kati ya kusema na kunyamaza. Naona pande zote tatu zinateleza mahali pamoja: zinabishana juu ya wingi wa habari, wakati kinachowaumiza ni aina ya habari mnazotoa. Mnaweza kutangaza kila siku na mkauharibu mtaa. Mnaweza kutangaza mara moja kwa wiki na watu wakalala usingizi. Tangazo la usalama lina kazi moja tu: mtu akimaliza kulisoma ajue la kufanya leo, yeye mwenyewe, kwa uwezo alionao. Likishindwa hilo, ni tetesi iliyogongwa mhuri wa ofisi.

Wengi wanaamini, hata baadhi ya viongozi, kwamba watu wakiogopa ndipo watajihadhari. Si hivyo. Hofu humsukuma mtu kuchukua hatua pale tu anapoiona hatua hiyo na kuamini kwamba anaiweza. Asipoiona, anashughulika na hofu yenyewe: anaacha kusoma ujumbe, anajifungia ndani, au anatafuta wa kumlaumu. Sasa angalia kinachotokea barabarani wakianza kujifungia. Mama wa chipsi anaondoa meza saa moja usiku badala ya saa tatu. Mwenye genge naye anafunga, maana wateja wamekatika. Fundi cherehani haoni sababu ya kubaki peke yake barazani. Taa za vibanda zinazimika moja baada ya nyingine, na kipande cha njia kilichokuwa na macho ishirini kinabaki giza na mbwa wawili. Mporaji hahitaji zaidi ya hapo. Na yule mwingine, anayetafuta wa kumlaumu, ndiye aliyemkuta fundi wenu sokoni.

Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu tunaikumbuka Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015, jioni ile habari za Panya Road, magenge ya vijana wenye mapanga, zilipoenea kwa simu. Vurugu za kweli zilikuwapo sehemu chache, lakini taharuki ilifika mbali kuliko vurugu zenyewe. Maduka yalifungwa na watu walikimbia hata mahali ambapo hakuna aliyemwona kijana hata mmoja mwenye panga. Ujumbe uliokuwa unazunguka ulisema "wanakuja". Haukusema wako wapi, nani kathibitisha, wala mtu aliyeko dukani au ndani ya daladala afanye nini. Ujumbe wa namna hiyo husambaa haraka kwa sababu kuusambaza ndilo jambo pekee mtu anaweza kulifanya nao.

Tuje kwenye mtaa wako. Nimekuandikia jumbe mbili uziweke sambamba. Wa kwanza bila shaka umeuona mara nyingi:

"TAHADHARI!!! Wezi wameuvamia mtaa wetu. Kila mtu awe makini. Sambaza kwa wengine."

Wa pili ni huu:

"Ofisi ya serikali ya mtaa, Jumatatu. Wiki iliyopita watu wawili waliporwa simu kati ya saa 11 na saa 12 na nusu alfajiri, kwenye njia ya kutoka kituo cha daladala hadi kona ya shule. Waporaji walikuja na pikipiki kwa nyuma. Kuanzia kesho walinzi wawili watasimama njia hiyo saa 11 hadi saa 1 asubuhi. Ukipita hapo tembea upande wa kulia ili utazamane na vyombo vinavyokuja, na simu usiitoe mpaka ufike kituoni. Ukiweza, subiri wenzako kwenye kibanda cha chai mwende pamoja. Ukiporwa usiwakimbize. Piga 112 au namba ya zamu iliyoko ubaoni, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako). Jumatatu ijayo tutawaeleza tulipofikia."

Ujumbe wa pili ni mrefu, lakini hauna neno la bure. Una saa, mahali na mbinu. Unaeleza kamati imefanya nini, mkazi afanye nini, na habari nyingine itakuja lini. Sehemu hiyo ya mwisho wengi huiacha, na kwangu ni ya thamani kubwa: mtu akijua Jumatatu kuna taarifa, hana haja ya kuitafuta usiku wa Alhamisi kwenye grupu. Ujumbe huu pia umekwepa kitu fulani kwa makusudi. Hausemi "vijana wa bodaboda". Ukiandika maneno hayo, kijiwe kizima cha pale kituoni kinakuwa adui yako kwa siku moja, na hao ndio watu walioko barabarani saa 11 alfajiri kabla ya polisi na kabla ya mlinzi wenu.

Najua mtu kwenye kamati atauliza: si tunawapa wezi ratiba ya walinzi? Kwa njia ile ya kituoni, ndiyo, tunataka kabisa waijue, maana lengo ni wasije. Doria ya usiku ni jambo jingine. Zamu zake, idadi ya walinzi na njia wanazopita visiandikwe popote. Kwa doria inatosha kusema kwamba ipo na namna ya kuiita.

Sasa takwimu, ambazo naona zinakunyima raha. Matukio kumi na moja ni machache mno kuyafanyia hesabu za asilimia. Ukitoka matukio mawili hadi moja unaweza kuandika "uhalifu umepungua kwa asilimia 50", na hutakuwa umesema uongo wa hesabu. Lakini mwezi ujao yakiwa matatu, itabidi uandike kwamba uhalifu umepanda kwa asilimia 200. Idadi ndogo hupanda na kushuka zenyewe, bila doria wala tangazo. Isitoshe, kilichopungua kinaweza kuwa taarifa, si wizi. Baada ya mkasa wa sokoni, nisingeshangaa kama wapo waliochagua kunyamaza wasije wakasababisha kifo cha mtu. Na mawasiliano yenu yakianza kufanya kazi vizuri, huenda idadi ikapanda kwanza, kwa kuwa watu wanaamini sasa kuna anayesikiliza. Waandae wajumbe kwa hilo mapema, la sivyo watakukaba koo.

Kwa hiyo, je, useme umepungua? Sema ulichonacho daftarini: "Mwezi uliopita tuliandikiwa tukio moja, mwezi wa kabla yake matatu. Ni mapema kusema wizi umepungua, tunaendelea kufuatilia." Hutaonekana muongo hali ikibadilika. Daftari lenyewe liwe na tarehe, saa, mahali, mbinu, kilichoibwa na kama RB ilichukuliwa. Majina yabaki daftarini. Usichanganye pia uporaji wa njiani na uvunjaji wa nyumba katika hesabu moja, maana ni mambo mawili yenye saa tofauti, watu tofauti na kinga tofauti. "Matukio kumi na moja" humtia hofu mkazi pasipo kumwambia afunge dirisha au afiche simu.

Kuna jaribio la zamani ambalo bado linafundisha. Mwaka 1983 na 1984, katika miji ya Houston na Newark nchini Marekani, polisi walipeleka jarida dogo nyumbani kwa watu, toleo moja likiwa na takwimu za matukio ya mtaani na jingine bila takwimu. Wakazi walilipenda, lakini hofu yao haikupungua kwa kulisoma. Kilichosaidia zaidi kule Houston kilikuwa kituo kidogo cha polisi kilichofunguliwa mtaani, na askari waliopita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanasumbuliwa na nini. Sisemi takwimu zifichwe. Nasema msitarajie karatasi ifanye kazi ya mtu. Ukiwa na uwezo wa kufanya moja tu, mabango au mjumbe anayebisha hodi, peleka mjumbe.

Picha sasa, na hapa sina ulegevu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na huyu wenu hakuwa hata ameshtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia namna mnavyokusanya na kusambaza picha na namba za watu. Na baadhi ya wanaoitwa vibaka hawajafikisha miaka kumi na minane. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina masharti yake juu ya kumtangaza mtoto. Weka sheria kando kidogo, bado hoja ya kawaida inatosha: picha ya kamera huonyesha mtu amepita. Haionyeshi alikuwa anakwenda wapi.

Vijana wenu hawajakosea kutaka uwazi, wamekosea mahali pa kuupeleka. Video ya kamera ikabidhiwe polisi pamoja na namba ya RB, na kwa wakazi muandike: "Picha za kamera za tarehe hiyo zimekabidhiwa polisi." Polisi wakiona inafaa kuitoa hadharani, wataitoa wao. Mtu akikamatwa na wananchi akifanya kosa, sheria inaruhusu kumkamata lakini inataka apelekwe polisi bila kucheleweshwa, na tangazo lenu lolote kuhusu kukamata watu liwe na sentensi hiyo. Mnajua wenyewe yanayotokea kati ya "mwizi!" na gari la polisi kufika. Sungusungu wa Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1980 walisifiwa kwa kukomesha wizi wa mifugo. Watu waliouawa kwa kushukiwa tu nao wamo katika historia hiyo, ila hawatajwi sana vijiweni.

Kabla ya tangazo lingine lolote, andikeni sahihisho kuhusu yule fundi. Mmuulize kwanza yeye anataka nini kisemwe, na msitaje jina lake wala kurudisha picha yake. Kisha, kwenye grupu lile lile na kwa mdomo kwenye mkutano wa mtaa: "Kijana aliyewekwa picha hapa hakuhusika na wizi wowote. Alikuwa fundi aliyeitwa na mkazi wetu. Kamati imemwomba radhi na inaomba kila aliyeisambaza picha aifute." Itawauma baadhi ya watu. Lakini hapo ndipo wakazi watakapojua kwamba ofisi ikikosea husema, na siku nyingine ikisema "si kweli" wataiamini.

Grupu lenyewe ligawanyeni. Moja liwe la matangazo, wasimamizi wawili au watatu tu ndio waandike, na jumbe zake zihesabike. Jingine libaki la gumzo kama watu wanalitaka, lakini lisibebe jina la ofisi ya mtaa. Halafu jiulize nani hayumo. Watu mia nne wanaonekana wengi, lakini nina wasiwasi kwamba wengi wao ni wenye nyumba na wenye simu nzuri. Dada wa kazi anayekwenda kununua mkate alfajiri hayumo, wala mwanafunzi anayetoka saa 11 kuwahi daladala. Mpangaji aliyehamia mwezi jana naye hayumo, na bibi anayeshinda barazani akiona kila anayepita, shahidi bora kuliko kamera yoyote, hana hata hiyo WhatsApp. Kwa hao, njia ni ubao wa ofisi ya mtaa, mjumbe wa nyumba kumi, matangazo baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, walimu, na kibanda cha chai. Mwombe mwenye kibanda abandike karatasi moja, maandishi makubwa, mistari sita. Iondolewe ikipitwa na wakati. Tangazo la Juni lililochanika ukutani mwezi Oktoba linawaambia wakazi, na wezi pia, kwamba hakuna anayefuatilia.

Kijiwe cha bodaboda nacho kishirikisheni tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kijiwe anawajua waliosajiliwa kwake na anamtambua mgeni kwa pikipiki yake tu. Mwendee wewe mwenyewe, kaa naye kwenye benchi, muulize yeye anaona nini saa hizo za alfajiri. Usiende na barua.

Kuhusu mchango, umeshajibu swali lako mwenyewe: kila ukiandika "wengi hamchangii" hali inazidi kuharibika. Si ukaidi wa watu wa mtaa wako. Huko Arizona, Marekani, kuna hifadhi yenye vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe, na wageni walikuwa wakiviiba. Watafiti walijaribu mabango tofauti. Bango lililoeleza kwamba wageni wengi wamekuwa wakichukua vipande lilifuatiwa na wizi wa karibu vipande 8 katika kila 100 vilivyotegeshwa njiani. Bango lililoomba tu watu wasichukue, chini ya 2 katika 100. Mtu akisikia wengi hawafanyi jambo, haoni aibu. Anaona yuko na wenzake.

Geuza maneno. Kama kaya mia tatu zimelipa, andika kwamba kaya mia tatu zimelipa na uwashukuru. Kama waliolipa ni wachache kweli, usidanganye, acha idadi, eleza pesa imefanya nini: "Mchango wa mwezi huu umenunua tochi nne na makoti mawili ya mvua, na umelipa posho za walinzi. Zimebaki shilingi kadhaa. Risiti ziko kwa mhasibu, njoo uone." Nimeona mitaa ambayo watu waliacha kutoa elfu mbili wakidhaniwa ni wabahili, kumbe hakuna aliyewahi kuwaonyesha karatasi ya mapato na matumizi. Mtu anaweza kuvumilia mlinzi aliyesinzia. Hesabu zisizoonekana havumilii.

Nyumba zilizovunjwa zinahitaji mawasiliano ya namna nyingine kabisa. Nyumba ikishavunjwa mara moja, hatari ya kuvunjwa tena hupanda katika wiki zinazofuata, na majirani wa karibu nao huingia hatarini: mwizi ameshajua njia, ameona kilichobaki, na anajua mwenye nyumba atanunua televisheni nyingine. Katika makazi ya Kirkholt, mji wa Rochdale nchini Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walilifanyia kazi jambo hilo. Nyumba iliyoibiwa iliimarishwa mara moja, na majirani wachache wanaoizunguka waliombwa waiangalie kwa karibu. Wizi wa majumbani ulishuka sana. Niseme pia kwamba waliondoa mita za umeme na gesi zilizokuwa na sarafu ndani, ambazo wezi walizifuata, kwa hiyo sifa zote si za majirani.

Kwenu, hiyo maana yake ni kwamba nyumba ikivunjwa usikimbilie kutangazia watu mia nne. Ndani ya siku hiyo hiyo mjumbe apite nyumba sita au saba za jirani aseme mdomoni: jana usiku waliingia kwa fulani, walikata nondo za dirisha la jikoni upande wa uchochoro, angalieni madirisha yenu ya upande huo, mkisikia chuma kinasagwa pigeni namba hii. Maneno kama hayo yana faida kwa watu hao sita na hayana faida kwa mtu wa upande wa pili wa mtaa, ambaye yatamkosesha usingizi bure. Kwenye taarifa ya Jumatatu mtaa mzima utaambiwa kwa ufupi, bila kutaja nyumba.

Hoja ya wenye nyumba siidharau. Jina la mtaa likichafuka kodi zinashuka, na wapo wajane wanaoishi kwa vyumba viwili vya kupangisha. Lakini ukimya hauzuii habari, unaziacha tu mikononi mwa wenye kelele. Mpangaji aliyeporwa simu atawasimulia wenzake kwa vyovyote. Tofauti ni kama simulizi yake itaishia kwenye "wala ofisi haijali" au kwenye "kesho yake wakaweka walinzi". Waelezeni wenye nyumba hivyo, na muwaahidi kwamba hakuna tangazo litakalotoka likiwa na tatizo tupu bila hatua iliyochukuliwa. Naamini watakubali.

Gari la matangazo na mabango yana nafasi yake, ila ndogo. Gari linafaa kwa jambo la siku moja: mkutano wa dharura, mtoto aliyepotea. Kwa wizi, watu watalisikia mara mbili na la tatu watapandisha sauti ya redio. Bango la "Wezi, mtakiona cha moto" ndilo baya zaidi. Mwizi halijali, mgeni anaogopa, na mwenye hasira amepewa ruhusa. Kama pesa ya bango ipo, nunueni taa. Tafiti za Uingereza na Marekani zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba pale taa za barabarani zilipoboreshwa, uhalifu ulikuwa pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na maeneo yasiyoguswa. Katika baadhi ya maeneo yaliyoboreshewa taa, uhalifu wa mchana pia ulipungua, jambo ambalo mwanga pekee hauwezi kulieleza. Wanaolielezea wanadhani wakazi waliona mtaa wao unajaliwa, wakaanza nao kuujali. Kwa hiyo mkifunga taa, ama mkifyeka kile kichaka cha karibu na mtaro (nadhani kipo, kila mtaa una chake), hilo ndilo tangazo: picha ya kabla, picha ya baada, gharama, na waliojitolea kufyeka.

Kuna mambo ambayo kamati haitakiwi kuyatangaza kabisa, hata kwa lugha nzuri. Ukatili wa ndani ya nyumba, ubakaji au unyanyasaji wa mtoto usiingie kwenye grupu wala kwenye taarifa ya Jumatatu. Mpeleke mhusika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mambo ya watoto ipo pia namba 116, haina malipo. Tukio lenye silaha ya moto au kifo liachwe kwa polisi walisemee wenyewe, nanyi mrudie maneno yao bila kuongeza chumvi. Mtu akikuletea siri kuhusu kundi fulani, usiiandike popote kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili ya watu kama huyo, na njia salama ni ana kwa ana na ofisa wa polisi.

Na lipo la kuonana na watu uso kwa uso, ambalo jibu hili haliwezi kukufanyia. Nenda na mwenyekiti kwa mkaguzi wa polisi wa kata yenu, na daftari la matukio mkononi. Muulize mambo matatu: yapi kati ya haya kumi na moja yanapelelezwa, ili msije mkatangaza kitu kinachoharibu upelelezi; nani kwa upande wake atapokea simu ya mlinzi wa alfajiri; na kama atakuja mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa kujibu maswali. Mpitie na mtendaji wa mtaa kuhusu sheria ndogo za halmashauri yenu kabla hamjaweka kiwango cha mchango kwa maandishi. Kwa yule fundi, kama ameumia au amepoteza vifaa, kaeni naye pamoja na mtoa msaada wa kisheria, maana ana haki anazoweza kuzidai na si vema akaja kuzisikia kwa watu wa pembeni. Ukirudi kutoka kwa mkaguzi, andika taarifa ya kwanza ya Jumatatu. Umsomee mtu ambaye hayumo kwenye kamati, ikiwezekana yule mama wa chai, umuulize: baada ya kusikia haya, kesho alfajiri utafanya nini? Akishindwa kujibu, iandike upya.